Begi la Berardo

Kaka yangu Berardo alifanya kazi kwenye tanuri la saruji miaka ishirini na sita, na kila Agosti, alipopata likizo, aliwapandisha maskauti wa parokia yetu mlima Maiella hadi kwenye msalaba wa chuma kileleni. Hakuoa. Watu walipomwuliza sababu alijibu kwamba hakuna mwanamke aliyekubali kunusa soksi zake. Mimi ndiye niliyezifua, kwa hiyo najua alisema kweli.

Kabla ya safari yake ya mwisho daktari alimwonyesha picha ya mapafu. Berardo alitoka akanikuta kwenye korido nimeshika rozari.

"Assunta, Agosti napanda," alisema. "Nikifika msalabani mara moja tena tu, yaliyobaki namwachia Mungu."

Nikaanza novena, sala ya siku tisa mfululizo. Nilisali novena tisa, moja baada ya nyingine. Sikuomba apone, niliona hilo ni kubwa mno. Niliomba afike msalabani.

Walikuwa wamebaki maskauti saba. Vijana wa mji wetu huondoka wakimaliza shule, na watoto hawazaliwi tena. Aliyeongoza matembezi alikuwa Nives, binti wa mwoka mikate, miaka kumi na saba. Mimi nilifuata nyuma na kisanduku cha dawa. Berardo aliwaambia ni kwa ajili ya magoti yangu, nami nikamwacha aseme.

Kuna desturi aliyoileta yeye mwenyewe katika kikundi. Anayechoka hawekwi nyuma, anawekwa mbele, na hakuna anayempita. Mzigo wake hupunguzwa anapokwenda chemchemini kujaza maji. Wenzake wanagawana bila neno, naye akirudi akakuta begi limekuwa jepesi, hasemi neno. Nimeona vijana wenye ndevu wakilia kwa ajili ya begi jepesi.

Tulianza kupanda alfajiri. Tarcisio, ambaye hajui kunyamaza, alisema, "Mkuu, leo unatembea kama bibi harusi."

"Bibi harusi ana haraka kuliko mimi. Anaogopa bwana asije akabadili mawazo."

Tulipotoka msituni alianza kusimama kila hatua kumi. Alisema anatuonyesha mbuzi wa mlimani. Hawakuwepo. Watoto walitazama alikonyoosha kidole na kusema ndiyo, wale pale, wawili.

Kwenye chemchemi alichukua chupa akateremka kwenye maji. Nives alinitazama.

"Shangazi Assunta, naomba utazame kule kidogo."

Sikutazama kule. Alifungua begi la kaka yangu akatoa hema, kamba na jiko la gesi. Tarcisio alichukua sufuria, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Chini kabisa kulikuwa na daftari jipya lililofungwa kwenye nailoni. Kila mwaka Berardo hupeleka daftari moja, huliweka ndani ya kisanduku cha bati chini ya msalaba ili wapandaji waandike majina yao, na jina la kwanza huwa lake.

"Na hili?" Nives aliuliza.

"Hilo liache."

Berardo alirudi. Alilishika begi kama alivyozoea, goti chini, kisha akalivuta kwa nguvu zote kwenda begani. Kwa kuwa halikuwa na uzito, liliruka likampiga sikioni, akayumba. Hakuna aliyecheka.

"Haya," alisema. Akakaza mikanda, akapita mbele ya watoto wote bila kuambiwa.

Tulifika kwenye mgongo wa mlima saa sita mchana. Msalaba ulionekana, nusu saa ya kutembea kwa mtu mzima wa afya. Lakini sheria yake ilikuwa kwamba ikifika saa sita, popote ulipo, unageuka, maana mawingu hutoka baharini mchana na radi hupenda chuma.

"Mkuu, ni saa sita," alisema Nives.

"Saa yako inakimbia."

"Wewe ndiye uliyenipa."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikunja leso yake upesi ili nisiione.

"Nipe nusu saa, Nives."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiomba. Mawingu yalikuwa yanapanda, bado meupe.

"Angeomba Tarcisio, ungemkubalia?" Sauti ya Nives ilikuwa ndogo sana.

Tarcisio akasema, "Tukimbie wawili na daftari. Dakika ishirini tu."

"Nani alikufundisha kugawanyika?" Berardo aliuliza.

Alikaa chini akiuelekea msalaba, akasali Salamu Maria moja kwa sauti. Niliitikia. Kisha akainuka, akageuka.

Mvua haikunyesha siku ile. Mawingu yalipita kusini. Saa nane tulipokuwa chini, msalaba ulikuwa uking'aa juani. Sote tuliuona.

Alikufa Februari, siku tatu baada ya Misa ya kubariki mishumaa. Nives alikuwa ameshaondoka kwenda Torino kusoma, na wengine wawili wakamfuata. Wakati wa Pasaka padri alikusanya skafu za maskauti zilizobaki akazifungia kabatini, kikundi kikawa kimevunjika.

Nives alinipigia simu akauliza kama alikosea. Nilimwambia hakukosea, alifanya alivyofundishwa. Alilia zaidi. Nadhani alitaka niseme alikosea, ili aombe msamaha yaishe.

Parokiani wananiambia Mungu alimfikisha Berardo kwenye msalaba mkubwa kuliko ule. Huenda. Mimi niliomba ule wa chuma, nao ulikuwa karibu hivyo.

Daftari liko kwenye droo yangu ya mashuka, bado ndani ya nailoni. Ukurasa wa kwanza ameandika mwaka tu, na chini yake ameacha nafasi ya jina. Magoti yangu hayafiki hata chemchemini. Hakuna wa kulipandisha.