Uzito Ukae Juu ya Mbao

Nakumbuka siku moja ya baridi, miaka ya tisini, katika nyumba yetu ya kupanga kule Hopkins, Marekani. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu Saida, aliyekuwa akisoma chuo, Hamisi, kitinda mimba wetu, na mpangaji mwenzetu Mzee Kombo, seremala wa Tanga aliyekuwa akifanya usafi hospitalini Minneapolis. Wazazi wetu walikwisha kufariki. Niliacha shule mapema ili Saida na Hamisi wasome, kwa hiyo ndani ya nyumba ile neno langu lilikuwa la mwisho.

Hata leo, mwanangu, nikikumbuka, hasira hunipanda.

Saida alipewa tangi kubwa la samaki na mwalimu wake aliyekuwa akihama. Nikasema meza yake nitaiunda mwenyewe. Nikasimamisha miguu minne, nikazipigilia mbao za juu ubavuni mwa miguu, basi. Mzee Kombo akaisukuma kwa nyonga. Ikayumba, nayo tupu. Akanieleza kwa upole kwamba uzito ukae juu ya mbao, usining'inie kwenye misumari, na nyuma nitie ubao wa mshazari ili isiyumbe. Nikamjibu kuwa nyumba hii ina mwenyewe.

Saida naye akapiga hesabu. "Kaka, maji peke yake yanazidi kilo mia mbili."

"Unanifundisha mimi? Hiyo shule unaisoma kwa mgongo wa nani?"

Nikamwamuru ajaze, akajaza ndoo kwa ndoo. Ndoo ya mwisho haikuisha: meza ililala upande, tangi likapasukia mguuni pa Saida. Mzee Kombo alivua shati akamfunga jeraha. Mimi? Nilisimama nikimkaripia Hamisi kwamba ameigusa meza, naye alikuwa jikoni.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu nilikuwa mimi, sikusikia la mdogo, na guu lililoumia halikuwa langu.

Mwanangu, ukiachiwa nyumba, usiufanye ukubwa wako ukuta. Kitakachobeba mzigo kijaribu kingali kitupu. Anayekuambia kinayumba msikilize, hata kama ni wewe unayemlisha. Mungu akupe mikono imara na masikio mepesi.

Mzee Kombo nilimwomba radhi kabla hajafa. Saida anaishi Saint Paul, na baridi ikizidi huchechemea. Kila Idi hunipakulia mimi kwanza. Nami neno "nisamehe" sijamlipa bado.