Video Iliyotoka Saa ya Mazishi

Saa nne asubuhi nilikuwa makaburini, nimebeba sanduku dogo la mbao, nakwenda kumzika mwanangu.

Saa nne hiyo hiyo nilikuwa mtandaoni, nacheka.

Msikimbilie kunitukana. Walionitukana wanatosha, na baadhi yao walikuwa na haki. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina kiti kimoja na feni inayolalamika kuliko wateja. Miaka miwili iliyopita nilianza kurekodi video fupi za Neno la Mungu, dakika mbili tu, nimevaa aproni na mashine ya kunyolea mkononi. Watu wachache wakazipenda.

Tatizo, nilikuwa narusha nikijisikia. Wiki hii video tano, wiki mbili kimya.

Mke wangu ndiye aliyenikalisha chini.

"Mteja akija mara tatu akakuta umefunga, mara ya nne atakuja?" aliniuliza.

"Haji."

"Sasa huko mtandaoni umefungua au umefunga?"

Mke wangu anafundisha watoto shule ya Jumapili, na Biblia anaijua kama anavyojua jiko lake. Akachukua daftari.

Habakuki aliambiwa aiandike njozi waziwazi, kwa hiyo mada za mwezi zikaandikwa na kubandikwa ukutani. Kitabu cha Mhubiri kinasema panda asubuhi na jioni usiuzuie mkono wako, kwa hiyo kila siku video moja saa nne kamili, watazame watu kumi au elfu kumi.

"Na Jumapili?" nikauliza.

"Jumapili simu inazimwa. Unakumbuka mana? Kila siku Waisraeli jangwani waliokota ya siku hiyo, ila siku ya sita waliokota mara mbili. Jumamosi unarekodi mbili, ya Jumapili inajirusha yenyewe."

Utaratibu ule ulifanya kazi jamani. Ndani ya miezi sita nilikuwa na watazamaji mia nne wa uhakika. Yeye ndiye aliyekuwa anashika simu. Mimi mbele, yeye nyuma. Kuonekana hakutaka kabisa.

Kisha akapata mimba. Tulikuwa tumesubiri miaka saba.

Hapo ndipo nikajifanya mjanja.

"Mtoto akija hatutakuwa na muda," nikamwambia. "Turekodi za mwezi mzima, zijirushe zenyewe."

Akacheka. "Mana ya kulaza iliingia mabuu, mume wangu."

"Hii si mana, ni video."

Tulirekodi thelathini kwa mchana mmoja. Kila baada ya video nabadilisha shati. Mteja mmoja alinikuta navua la nne akauliza kama nimeacha kunyoa nauza mitumba.

Mojawapo ilikuwa ya Ayubu. Nilisema, "Msiba ukikupata, usikunje uso. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mwambie asante!" Katikati nikaangua kicheko, kile cha kutoka tumboni, halafu nikamalizia.

Nikapanga tarehe zote. Simu ilikuwa imejaa pomoni, kwa hiyo kila video niliyokwisha kuipandisha nikaifuta kwenye simu.

Wiki tatu baadaye, mimba ikiwa ya miezi minane, mtoto akaacha kucheza.

Hospitali nesi aliangalia kipimo, akakizima, akasema anamwita daktari. Hakututazama usoni. Nikajua.

Alikuwa msichana. Hakulia.

Mimi sikuhisi kitu. Niliambiwa nisaini, nikasaini. Nilipewa glasi ya maji, nikaishika mpaka mtu akaja akaninyang'anya taratibu. Mama mkwe aliniona nimeshika simu akasema, "Usimpige picha, mwanangu. Haifai." Hata sikuwa nimefikiria kumpiga. Nikairudisha mfukoni.

Kesho yake tukamzika. Ile ratiba ya video haikunijia kichwani hata kidogo.

Tuliporudi nyumbani nikawasha simu. Watu elfu themanini walikuwa wameitazama video ya Ayubu.

Kumbe muumini mwenzetu alikuwa ametangaza msiba wetu mtandaoni usiku wa kuamkia mazishi. Kwa hiyo watu walijua: leo saa nne huyu anamzika mwanawe. Na saa nne ikifika, wanamwona anacheka na kumshukuru Mungu.

"Hongera mtumishi! Hii ndiyo imani!"

"Ayubu wa kizazi chetu!"

"Mimi nalia huku yeye anacheka. Hongera sana."

Mstari mmoja tu ungetosha. Ningeandika: jamani, hii nilirekodi wiki tatu zilizopita.

Niliandika: "Asanteni. Mungu ni mwema."

Mkiniuliza kwa nini, sina jibu zuri. Ndani yangu kulikuwa kumekufa ganzi, na wale watu elfu themanini walikuwa wanahisi kwa niaba yangu. Nikawaacha waendelee.

Uongo ukishapewa kiti haukai peke yake. Kanisa moja kubwa likanialika nitoe ushuhuda. Nikavaa suti. Mchungaji akauliza, "Asubuhi ile, uliipata wapi nguvu ya kuwasha simu?"

Nikamwambia niliamka alfajiri, nikapiga magoti, nikasikia amani imenishukia. Watu wakasimama wakapiga makofi.

Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikuwa natafuta soksi. Nilizitafuta nusu saa, nikavaa zisizofanana.

Huku nyumbani mke wangu alikuwa ameacha kuzungumza nami. Hakununa wala hakupiga mlango. Akiulizwa anaitikia kwa kichwa, halafu anarudi kitandani, anageukia ukutani na simu yake.

Siku moja nimepita mlangoni nikasikia sauti yangu. "Msiba ukikupata, usikunje uso." Kicheko. Kimya kidogo. Kisha ikaanza tena.

Kesho yake vivyo hivyo. Na keshokutwa.

Nikasema basi, nimekwisha. Huyu anausikiliza uongo wangu kila siku asije akanisamehe kwa bahati mbaya. Ndoa yangu ya miaka tisa niliiona inaondoka, na hata hilo sikulihisi vizuri. Nililijua tu.

Mama mkwe alikuwa amebaki kumuuguza mwanawe. Nikamkuta jikoni anamenya viazi, nikakaa.

"Mama, huyu ataniacha?"

Hakuacha kumenya. "Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja tu la maana. Walikaa naye chini siku saba, hakuna aliyesema neno. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu. Wewe mwanangu, tangu tuzike, umekaa na mkeo hata saa moja?"

Nikatikisa kichwa.

"Umezungumza na dunia nzima."

"Sasa nifanyeje?"

"Anza kwa kusema kweli. Mengine utajua mbele ya safari."

Jumatatu nikafungua kibanda mapema. Hakukuwa na wa kunishikia simu, nikaiegemeza kwenye kopo la poda. Nikasema yote. Kwamba video ilirekodiwa zamani. Kwamba asubuhi ile sikuomba, nilitafuta soksi. Kwamba ule ushuhuda niliutunga. Nikairusha.

Kisha nikaenda kwenye ile ya Ayubu, nikaifuta. Simu ikauliza kama nina uhakika, kwani nikifuta hairudi. Nikabonyeza ndiyo.

Kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikapumua.

Nikafunga kibanda mchana, nikaenda nyumbani mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nimesema kweli yote," nikamwambia mke wangu mgongoni. "Na ile video nimeifuta. Haitakusumbua tena."

Akageuka. "Umefanya nini?"

"Nimeifuta."

"Kwenye simu unayo?"

"Hapana. Unakumbuka, nilifuta zote siku ileile."

Akaketi kitandani. Aliponitazama nikatamani angenipiga.

"Kile kioo cha kibandani," akasema, "huwa tunakifunika shuka ili nisionekane. Siku ile shuka lilikuwa limefuliwa, tukarekodi hivyo hivyo. Kwenye video ya Ayubu mimi nipo kwenye kioo, nyuma ya bega lako. Mkono mmoja una simu, mwingine uko tumboni."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulicheka kwa nini siku ile?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Mtoto alinipiga teke, nikashtuka, simu ikatikisika. Ndiyo maana ukacheka. Anaonekana, mume wangu. Gauni linainuka, linashuka. Ni sekunde mbili tu, kwenye video hiyo peke yake." Akaweka mkono tumboni. "Sina picha nyingine ya mwanangu."

Mama yangu weee.

Ile video nilikuwa nimeitazama labda mara mia. Nilikuwa najitazama mimi.

Nikaandika kwenye ukurasa wangu: "Mwenye ile video ya Ayubu naiomba. Ni ya mke wangu."

Majibu yalikuja upesi. "Tapeli, sifa hazijakutosha?" "Nenda kanyoe." Nusu ya wafuasi walikuwa wameshaondoka. Lile kanisa kubwa nilipolipigia, wakaniambia walitazama kwenye ukurasa wangu tu, hawakuihifadhi.

Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna.

Sikurusha chochote. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani. Msidhani nilikuwa naigiza wale marafiki wa Ayubu. Sikuwa na la kusema tu. Mke wangu hakunifukuza. Jioni ya siku ya tatu akanirushia mto wa kukalia.

Siku ya nne ukaingia ujumbe wa mtu anayejiita Fundi Bomba.

Huyu nilikuwa namjua. Tangu video yangu ya kwanza alikuwa anaandika maneno yaleyale chini ya kila moja: "Nyoa watu, acha kuhubiri." Miaka miwili, hakukosa hata siku. Kwa kuuzingatia utaratibu alitushinda sote.

Ujumbe wake nimeutunza, nauweka hapa ulivyo:

"Niliihifadhi siku ileile. Kwenye picha ya mazishini iliyosambaa una ndevu za wiki tatu, kwenye video umenyolewa laini. Nikasema huyu muongo, ipo siku nitamuumbua. Sasa umejiumbua mwenyewe, kwangu haina kazi tena. Mpe mkeo. Poleni sana kwa kufiwa na mtoto."

Nikausoma mara mbili, kisha nikarudi kupekua maoni yote ya siku ya mazishi, moja moja. Hongera, hongera, amina, hongera. Kati ya watu elfu themanini, Fundi Bomba ndiye wa kwanza kuniambia pole.

Nikafungua video aliyoiambatisha, nikampa mke wangu simu. Akashuka kitandani, akaja kukaa sakafuni karibu nami, akaisogeza video mbele kwa kidole mpaka pale anapopajua.

"Tazama hapa, usitazame uso wako."

Nikatazama. Gauni la bluu, upande wa kushoto, likainuka. Likashuka.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Nikalia. Nililia mpaka mama mkwe akaja mlangoni, akatuona, akarudi zake jikoni.

Leo ni miezi mitano tangu tuzike. Nimerudi kurusha video. Mada zimeandikwa ukutani, napanda kila asubuhi, siku ya saba simu imezimwa, na silazi tena mana. Nisipokuwa na neno la siku hiyo, naandika "leo sina," na watu wangu wachache wananielewa. Fundi Bomba bado ananiambia ninyoe watu.

Mnaotengeneza maudhui ya Mungu, sina la kuwafundisha kuhusu bidii. Hiyo mnayo. Ila kabla hujabonyeza kurusha, geuka kwanza umtazame anayekushikia simu.

Na ninyi mnaotazama, siku mkimwona aliyefiwa anacheka mtandaoni, msimpe hongera. Mpeni pole. Huenda hakuna aliyempa.