Mafuta Kwenye Magurudumu

Mume wangu alitoka nyumbani na baiskeli akarudi kwa miguu, kakumbatia sanduku la mbao kifuani. Nilikuwa uani nachambua mchele. Nikamuuliza baiskeli iko wapi, akasema ameibadilisha. Kwa nini tena? Akaliweka sanduku chini, akalifungua taratibu, na ndani, katikati ya magazeti yaliyokunjwakunjwa, kulikuwa na garimoshi la kuchezea, refu kama kiganja changu, na reli zake vipande vipande. Mzungu mmoja aliyekuwa akishughulika na mikorosho kule Naliendele alikuwa anarudi kwao na kuachia vitu vyake, kwa pesa au kwa kubadilishana. Wanaume wa watu walichukua vitanda na majiko. Wangu mimi alichukua hilo.

Nilinuna mpaka nikachoka mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na ndani ya ile nyumba yetu ya mtaa wa Rahaleo tulikuwa tumebaki wawili tu, watoto wakiwa Tabora kwa ndugu zetu wanasoma. Sisi tuliletwa Mtwara na reli. Yeye alikuwa dereva wa garimoshi, la kweli, lile la moto na maji, lililotoka bandarini kwenda Nachingwea. Kisha reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Wenzetu wengi wakahamishiwa reli ya kati, sisi tukabaki, na yeye akapewa kazi ya kukaa kwenye geti la bandari na kuinua kizuizi. Mtu aliyezoea kuvuta mabehewa, unampa kipande cha mti ainue. Mimi jambo hilo liliniudhi kuliko lilivyomuudhi yeye.

Kilichonizuia kulitupa garimoshi lile jalalani ni macho yake. Kumbe baiskeli alikuwa ameshindwa kuiendesha siku nyingi, alikuwa akiisukuma tu nikishampa kisogo. Nikampeleka hospitali kwa nguvu. Daktari akasema ni presha ya macho, akaeleza kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Tulipofika nyumbani akakaa mbele ya sanduku lake, akasema, "Mama watoto, mimi sina kubwa ninalolitaka. Nataka nilione hili likizunguka mara moja tu bila kusimama. Nikishaliona, basi."

Nikasogeza meza.

Reli tulizipanga duara juu ya mbao za makasha ya bandarini. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo aliazima betri kuukuu ya lori kwa fundi wa gereji, na kila ilipochoka aliipeleka ikachajiwe. Nyaya mbili zilitoka kwenye betri, zikapita kwenye kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, zikaingia kwenye reli. Ukizungusha kitufe, garimoshi linaondoka, na taa yake ya mbele inawaka. Siku ya kwanza nilicheka kwa furaha, sifichi. Lilikwenda vizuri mpaka kona ya mbali, likasimama. Akaligusa kwa kidole, likaondoka. Likaenda kidogo, likasimama tena mahali pengine.

Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza. Lingekuwa limekufa kabisa tungelizika tukapumzika, lakini lilikuwa na hila. Leo linazunguka karibu duara zima, tunashikana mikono, kumbe limebakiza shubiri moja lifike lilipoanzia, linazima. Kesho halitoki hata hapo lilipo. Jirani yetu mmoja, mama mzaliwa wa Likombe aliyekuwa akiniletea mihogo, aliingia akatukuta tumeliinamia, akasema, "Mama, hicho kidudu kimelala tena?" Nikamwambia kimelala, na mimi sasa hivi nakifuata.

Tulianza na betri. Akaichajisha ikajaa, garimoshi likasimama vilevile. Tukaja kwenye nyaya, akazikata akaunga upya, kila kiungo akakisokota mpaka kikang'aa. Likasimama. Akadhani ni maungio ya reli, akayabana kwa koleo moja baada ya jingine, na kwa muda ikawa nafuu, kisha likarudia tabia yake. Akalifungua tumbo, akatoa vipande vya kaboni vinavyogusa mota, akavitazama karibu na pua maana hakuweza tena kuvitazama kwa mbali, akavirudisha. Mimi nilikuwa namshikia bisibisi na kumtolea maneno makali, kwa sababu nikinyamaza nilikuwa nalia.

Siku moja akalipindua chali, akazigusisha nyaya moja kwa moja kwenye magurudumu. Yakazunguka kama cherehani, taa inawaka, halikatiki hata kidogo. Akaniambia, "Unaona? Mota nzima. Likisimama, taa nayo inazima, kwa hiyo si meno ya gia yaliyokwama, ni umeme haufiki. Ugonjwa uko hapa, kati ya gurudumu na reli." Alisema kweli kabisa. Alikuwa amelifikia jambo lenyewe, ameliwekea kidole. Halafu akainuka, akachukua kikopo cha mafuta, akasema magurudumu yana kiu.

Mtu wa garimoshi la moto ndivyo alivyofundwa. Hapandi kabla hajalizunguka na mafuta, kila kiungo kinanyweshwa. Na Mtwara yetu hii, chumvi ya bahari inakula chuma hata kilicho kabatini, kila mtu anapaka mafuta, kuanzia panga mpaka sindano. Kwa hiyo alilinywesha. Mwanzoni alikuwa akitia tone moja kwa ncha ya njiti, na analiona. Macho yalipozidi kufifia akawa anamimina kwa kukisia, anapapasa kwa kidole kama limelowa. Likisimama anaongeza. Mafuta yakashuka kwenye reli, vumbi letu jekundu likayafuata, na garimoshi likazidi kukatika kadiri naye alivyozidi kupoteza nuru. Nami ndiye niliyekuwa nikimnunulia hayo mafuta.

Mwisho aliacha kuligusa. Akawa anakaa kwenye kigoda, mikono magotini, na bandarini hakwenda tena.

Asubuhi moja ya masika mwenzake wa zamani wa kazini alikuja kumchukua waende kanisani. Mimi nilibaki na hasira zangu. Nikasema leo ama mimi ama kidudu hiki. Nilikuwa nimeshika chupa ya spiriti, ile ya kuwashia jiko, nikaimimina kwenye kitambaa cheupe nikaanza kulisugua garimoshi ili angalau lisinichafulie meza. Kitambaa kikatoka cheusi tititi, utando mzito unaonata. Nikasugua gurudumu mpaka chuma kikaonekana, nikafuata reli zote, pande zote, nikabadilisha kitambaa mara nyingi. Kisha nikazungusha kitufe.

Likazunguka. Likarudi nilipo, likapita, likazunguka tena. Nililitolea macho nikingoja lisimame, halikusimama. Kumbe utando ule wa mafuta na vumbi ndio uliokuwa ukiuzuia umeme. Roho iliniuma kuliko kufurahi. Yaani miezi yote hiyo, mwanga wote ule aliokuwa nao wa kuangalia, umeishia kwenye mafuta. Nilikaa sakafuni nikalitukana garimoshi lile matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Aliporudi sikumweleza habari ya mafuta. Nilimshika mkono nikamketisha, nikamwambia, "Baba watoto, limepona. Tazama." Nikazungusha kitufe. Alilisikia likiondoka, akasogeza uso mbele. Kichwa chake kikaanza kulifuata, kulia, kona ya mbali, kushoto, kurudi. Midomo ikamcheza. Sikuwa nimemwona hivyo tangu reli ing'olewe. Nikasema moyoni, ameliona, Mungu wangu, amewahi.

Mara mvua ikashuka juu ya bati, kubwa, ile ya kwetu ambayo hata ukipiga kelele husikilizani na aliye karibu. Yeye hakujali, anafuata tu. Nami nikawa namwangalia yeye, siangalii meza. Nilipogeuka, ile betri kuukuu ilikuwa imeishiwa. Taa imezima, garimoshi limesimama mbele ya magoti yake kabisa.

Kichwa chake kiliendelea kuzunguka. Kulia, kona ya mbali, kushoto, kurudi, kwa mwendo uleule, na tabasamu lake liko palepale. Sijui hata leo kama alikuwa ananidanganya mimi, au kama kweli mbele yake lilikuwa bado linakwenda. Akaupapasa mkono wangu akaushika, akanivuta karibu, akaniuliza sikioni kwa sauti ya kushindana na mvua, "Unaliona linavyokwenda?"

"Naliona," nikamwambia.