Siku Bluu Haikutoka

Nilikwenda nchi ya jirani kupunguzwa tumbo kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kunibeba na sukari ilikuwa imepanda. Sikwenda kutafuta urembo, ingawa mtaa wetu mzima wa Buyenzi ulishaamua hivyo. Madaktari wa kule walikata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakashona iliyobaki, nikarudi Bujumbura nikitembea mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha mshono ukafumuka ndani, na kila nilichokunywa kikawa kinavujia pasipotakiwa.

Tangu hapo nina mipira miwili. Mmoja unapita puani na kupeleka maziwa ya dawa moja kwa moja kwenye utumbo, kupita lile tundu la mshono. Mwingine unatoka ubavuni na kumwaga uchafu kwenye mfuko ninaouficha chini ya kanga. Sili wala sinywi. Nakaa dukani kwetu, kati ya vichujio vya mafuta na mikanda ya injini, na wateja wananisifu nilivyopungua. Mmoja aliniomba nimwelekeze dawa niliyotumia. Nilimwambia ni njaa.

Daktari wa hapa akitaka kujua kama tundu limeziba, hunipa kikombe cha maji yenye rangi ya bluu. Nakunywa, kisha sote tunaukodolea macho mpira wa ubavuni. Bluu ikitokea, bado panavuja. Mama yangu hunisindikiza kila mara, na kila mara ilitokea, tukarudi nyumbani.

Siku moja haikutokea. Tulisubiri, tukasubiri, mfuko ukabaki mtupu. Daktari alisema huenda tundu limeziba, ila turudi Jumatatu nipigwe picha ya skana, na kwamba hadi hapo nisimeze kitu. Mama alisikia nusu ya maneno hayo, ile aliyoipenda. Kabla hatujavuka barabara alishawapigia ndugu simu waje kwenye dua ya shukrani.

Kwetu chakula cha shukrani hakiguswi mpaka aliyefikiwa na neema aonje kwanza. Jumapili alasiri sebule ilijaa, dua ikasomwa, na uji wa mchele ukaletwa ukiwa na maziwa na iliki. Harufu yake peke yake ilinitoa machozi. Mama akachota kijiko mwenyewe.

"Onja kidogo tu, mutoto yangu. Watu wanangoja."

Nilimeza. Nikameza tena, bila kuombwa. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Wageni hawajamaliza sambusa, moyo ukaanza kwenda mbio na bega la kushoto likauma, bega ambalo halikuwa limefanya kazi yoyote. Shangazi alisema ni furaha imezidi. Ikaja kwikwi, kisha baridi ya kutetemesha meno, kisha nikashindwa hata kukaa. Walinibeba hadi kwenye gari huku uji ukipoa.

Skana ilionyesha dimbwi la usaha chini ya mbavu za kushoto. Daktari hakutufokea. Alimgeukia mama na kumweleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Tiyo ya ubavuni ilikuwa imeziba, mama. Ile bluu ilikuwa inavuja, ila ilibakia mule ndani."

Waliuzibua mpira. Tundu sasa ni kubwa kuliko mwanzo. Hapa hawathubutu kulishona, na kule nilikokatwa wanasema nyama ya pale haitashika uzi, tungoje. Tungoje nini, hawasemi. Mimi nimeshakata tamaa ya kula tena, na sioni haya kusema hivyo.

Juzi nilipewa kikombe kingine. Bluu ikashuka upesi, mfuko ukajaa. Mama aliushika kwa mikono miwili, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Alhamdulillah," akasema. "Inatoka nje."

Nikalia mbele ya daktari, kwa sababu mama alikuwa amesema kweli.