Leseni za Redio za Baba

Siku hizi mtu akiniletea karatasi yenye muhuri, naanza kuisoma kutoka chini. Maandishi madogo kwanza, ngao ya serikali baadaye. Walimu wenzangu hunicheka, eti nasoma kinyumenyume. Wacheke tu. Hawajui nilichomfanyia baba yangu.

Baba alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akalima kahawa za watu mpaka akapata kibanja chake hapa Kituntu, migomba na kahawa kuizunguka nyumba. Kusoma hakujua. Lakini redio alikuwa nayo, ya betri nne, na kila mwaka alikwenda posta ya Kayanga kuilipia leseni. Majirani wengi hawakujisumbua, maana mkaguzi mwenyewe nani aliwahi kumwona? Baba alilipa, wala si kwa woga. Leseni ile ilikuwa na jina lake, kijiji chake, mwaka na muhuri wa serikali, na karatasi nyingine yenye hayo yote hakuwa nayo. Alizikusanya tangu ya kwanza, akazifunga kwa kamba ya mgomba na kuziweka kwenye sanduku la bati. Mtu akimwita mgeni kwa dharau, hakugombana naye. Alisema tu kwamba karatasi anazo.

Barua zetu zilipitia sanduku la posta la parokia. Jumapili baada ya misa katekista alisimama mlangoni akiita majina, na mwenye barua alipita mbele akaipokea kwa mikono miwili. Jumapili moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni binafsi zilipokuwa zikichipuka kama uyoga, aliitwa baba na wazee wengine wawili wenye leseni za redio. Bahasha za kaki, ngao juu, muhuri wa zambarau. Sasa kitu kimetoka mkononi mwa katekista, mbele ya waumini wote, nani atakitilia shaka? Watu walimpisha baba njia kama amepewa cheo.

Nyumbani niliisoma mimi. Nilikuwa mwalimu mpya, kichwa kimenivimba kwa cheti changu. Ilikuwa na kumbukumbu namba, ilikuwa na "Yah:" ya kichwa cha barua, vyote mahali pake. Wenye redio walitakiwa kuhakikiwa upya: watume ada pamoja na leseni zao zote za zamani, nazo zitarudishwa na cheti kipya. Mama alikuwa akimenya ndizi. Akaniomba nirudie maneno ya mwanzo, nikarudia: Ndugu mwenye redio, tafadhali.

"Serikali gani hiyo inayosema tafadhali?" mama akauliza.

Nilimcheka. Nikamwambia mambo ya ofisi atuachie sisi tuliosoma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watoto wa darasa la nne nimewaimbisha methali hiyo mpaka sauti imekauka, na mimi mwenyewe sikuisikia.

Baba aliniuliza mara moja tu.

"Mwalimu, ni ya serikali?"

"Ni ya serikali, baba."

Nikazitia leseni zote kwenye bahasha kwa mikono yangu hii, nikazipeleka Kayanga kuzituma kwa rejista. Karani aliyenipokea dirishani ndiye yule yule aliyekuwa akimkatia baba leseni kila mwaka. Ningemuuliza neno moja tu! Sikuuliza, nisije nikaonekana sijui.

Baada ya miezi ilikuja kadi ngumu ya kijani yenye jina la baba kwa herufi kubwa. Leseni hazikuja. Niliandika barua mara mbili, kimya. Nilianza kuelewa, na nikaogopa kusema. Baba alifurahia kadi yake, akaitundika ukutani.

Kisha wakimbizi kutoka Rwanda wakajaa wilayani, na serikali ikataka kujua nani ni nani. Tukaitwa ofisi ya kata. Mezani palikuwa na madaftari mawili, la wenyeji na la wageni. Aliyevuka zamani alitakiwa aonyeshe karatasi ya serikali ya miaka ya nyuma. Aliyeandikwa mgeni hakuwa na hakika kama kibanja chake kitabaki chake.

Baba alitoa kadi ya kijani kwa mikono miwili. Yule ofisa, kijana mpole tu, alimwamkia shikamoo, akaigeuza, akasoma kwa sauti mstari mdogo wa mwisho: kampuni hii haina uhusiano wowote na serikali. Mwaka mzima kadi ilikuwa ukutani kwetu na mstari ule sikuwahi kuusoma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba akamweleza habari ya barua, na kwamba leseni za kweli zilitumwa huko huko. Ofisa akatikisa kichwa, akauliza ni nani aliyemsomea barua ile na kumdanganya kwamba ni ya serikali.

Nilikuwa nyuma ya baba, hatua mbili. Mkuu wangu wa shule alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, na nusu ya wazazi wa darasa langu.

"Hakuna aliyenisomea," baba akasema. "Niliisoma mwenyewe."

Ofisa akamwomba radhi, akavuta daftari la wageni. Aliandika jina la baba polepole, akaligeuzia daftari upande wa baba na kumpa kalamu atie sahihi.

Baba aliitazama kalamu. Akairudisha mezani, akanyoosha dole gumba kuomba wino.