Pombe Niliyokataa Kuibeba

Wanaosema elimu haina mwisho hawajawahi kukaa benchi moja na watoto wa watu huku mvi zikichungulia kwenye kitambaa cha kichwa. Mimi nimekaa. Nilikaa mwaka mzima kule Gitega, mtaa wa Mushasha, katika chuo kimoja kidogo nyuma ya kanisa, magoti yakigonga dawati, na mwalimu ambaye ningeweza kumzaa akiniuliza mbele ya darasa zima kama nimeelewa.

Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa mwalimu kabla hajajua kushika kalamu. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania nikiwa bado sijang'oa meno ya utoto. Nikakulia kule, nikasoma kule, nikapata cheti cha ualimu kule, na kwa zaidi ya miaka ishirini nikafundisha darasa la tatu katika makazi ya wakimbizi. Kule nilikuwa Mwalimu. Wauza samaki waliniita Mwalimu, mchungaji aliniita Mwalimu, hata mume wangu aliniita Mwalimu, na tukigombana ndiyo kabisa.

Amani ikaja, tukarudi. Tulifikia Gasorwe, mkoa wa Muyinga, kwenye kilima cha ukoo wa mume wangu. Ndugu zake waliobaki walitupokea vizuri, nisiseme uongo. Walitupa kipande cha mteremko, wakatupa na majembe, kisha wakakaa kuniangalia nikilima na kucheka mpaka machozi yakawatoka. Tanzania walituita Warundi. Huku wakatuita Watanzania. Ukiwa na moyo mwepesi unaweza kuona ni kichekesho. Mimi sina moyo mwepesi.

Wiki za mwanzo tu nilishuka hadi shuleni kumwona mkuu wa shule. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeingizwa katika shule za msingi, na walimu walikuwa wanakifundisha kwa kubahatisha, nikasema moyoni, Mungu hamtupi mja wake. Mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alinikaribisha kiti, akasoma cheti changu mbele na nyuma.

"Madame," akasema, "Kiswahili yako iko nzuri sana, hiyo sitabisha. Mais lakini huku tunafundishaga na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili ni somo moja tu. Uende Gitega mwaka moja, ukirudi na diplôme ya huku, bon, tutaongea."

Kirundi nilikuwa nacho, cha mama yangu, kilichochakaa kidogo. Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nakwenda kusoma. Alikuwa ananoa jembe.

"Na shamba, Mwalimu?"

"Shamba lina wewe."

Hakubisha. Ni mtu asiyebisha, na miaka yote nimeshindwa kujua kama huo ni wema au uvivu.

Gitega nilipanga chumba kwa mjane mmoja Mwislamu, fundi cherehani, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi vilevile. Siku ya kwanza aliniangalia na daftari zangu kifuani, akashika kiuno.

"Sasa we, na mvi yote hiyo, uko nasoma nini?"

"Ualimu."

"Si umesema we ni mwalimu?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini jioni, nikitoka chuoni nimechoka na Kifaransa cha watu, nilikuwa nakaa karibu naye nikimsaidia kukunja pindo, na polepole akaanza kunifundisha: kupima, kukata, kuunganisha kola. Nilishika haraka kuliko nilivyoshika vitenzi vya Kifaransa, jambo lililoniudhi.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, pini zikiwa mdomoni, "chaki wanakupaga watu. Siku wakikasirika, wanaichukua. Cherehani iko yako."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia sikuacha mume na shamba nikaja Gitega kujifunza kushona makanzu. Akanipa shati lingine nikunje.

Darasani nilikaa na binti mmoja kutoka Giteranyi, karibu na mpaka. Kifaransa chake kilitiririka. Kiswahili chake kilikuwa cha waendesha baiskeli wanaovusha mizigo, maneno ya bei na matusi mawili matatu. Tukasaidiana. Asubuhi alinivuta kwenye imla ya Kifaransa, mchana nikamfundisha kusimulia, kusoma kwa sauti, kumfanya mtoto apende hadithi kabla ya kumwuliza maswali. Aliniita Maman. Nilimpenda kama mwanangu, na sitalifuta neno hilo kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Bila yeye nisingefaulu, na yeye bila mimi asingefaulu.

Nilirudi Gasorwe na karatasi yangu. Yule mjane alinipa na cherehani moja ya zamani iliyokuwa imekaa kwake bila kazi. Nilimwambia sitaihitaji. Akaniwekea kwenye lori kwa nguvu.

Bahati ilikuwa upande wangu, au hivyo nilidhani: mwalimu mmoja wa pale shuleni alihamishwa, nafasi ikabaki wazi. Mume wangu aliposikia alianza mara moja kuhesabu mikungu ya ndizi iliyokomaa.

"Tukamue urwarwa," akasema. "Kaka yangu mkubwa ndiye atasema. Anajua kusema."

Huu ndio utaratibu wa huku. Ukitaka kitu kwa mtu, iwe mchumba, ng'ombe au njia ya kupita shambani kwake, huendi mwenyewe kukisema. Unapeleka hiyo urwarwa, pombe ya ndizi, na unampeleka msemaji. Msemaji anaanza na mvua, anahamia kwenye ng'ombe, anauliza watoto, anasifu nyumba. Mwenyeji anajua unachotaka tangu ulipobisha hodi, lakini anasubiri. Mwishowe msemaji anasema kwamba pombe hii ina neno, na neno linatolewa. Mwenyeji akiinywa, amekubali.

Mimi ni mlokole. Tangu niokoke sijagusa pombe wala sijambebea mtu. Lakini niseme kweli yote: hata kama isingekuwa pombe, hata kama yangekuwa maziwa, nisingekwenda. Nilikuwa na vyeti viwili vya nchi mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye dawati la watoto mwaka mzima kwa sababu mtu yule mwenyewe aliniambia nikakae. Na mimi nimekulia mahali ambapo mtu anasimama, anajitambulisha, anasema shida yake, anakaa.

"Mkono mtupu haulambwi," mume wangu akasema.

"Sikwenda Gitega ili mkono wangu ulambwe," nikamjibu. "Na sihitaji kaka yako anisemee. Kusema ndiyo kazi yangu."

Nikaenda peke yangu. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nilimkuta mkuu wa shule barazani kwake na wageni wawili, nikasalimia, na kabla sijakaa vizuri nikasema nilichofuata: nimesoma kama ulivyoniagiza, cheti hiki hapa, nafasi iko wazi, naiomba. Nilisema kwa Kiswahili safi, na sentensi mbili za Kifaransa nilizozikariri njiani. Wageni wakatazama chini, kwenye miguu yao.

"Bon," akasema mkuu, kwa upole uleule. "Mi nimesikia, madame. Dossier yako, makaratasi yote, iko bien. Tutakuita."

Nilitoka pale nikiwa na furaha! Tanzania mtu akikwambia tutakuita, huenda akakuita. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, umeona? Alikuwa Mrundi kuliko mimi, alishajua kwamba huku neno hilo ni kukataa.

Shule ilipofunguliwa sikuitwa. Niliona mwalimu mpya akipita barabarani na baiskeli, gauni jipya, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla akili haijafika: alikuwa binti yangu wa Giteranyi. Aliteremka, akanikumbatia, akalia. Hakujua kwamba nafasi ile ndiyo niliyoiomba. Namwamini. Baba yake mdogo alisikia habari za shule ile sokoni, akaja na pombe, akasema vizuri, mambo yakaisha.

"Amenunua kazi," nilimwambia mume wangu jioni ile.

"Hakununua. Yule mkuu ana pombe yake nyumbani, hana shida ya pombe. Wamempa heshima yake. Wewe ulikwenda ukasimama mbele ya wageni wake kama mtu anayedai."

"Nilikuwa nadai. Ilikuwa haki yangu."

"Ndiyo hivyo," akasema.

Kwa siku nyingi sikuongea naye zaidi ya kumwita kula. Nilikuwa na hasira na kilima chote. Halafu njaa haina hasira. Nikaitoa cherehani chini ya mkeka nilioifunikia, nikaipaka mafuta, nikaiweka mlangoni penye mwanga. Watu wakaja. Kwanza viraka, kisha magauni ya sikukuu, na muhula uliofuata mkuu wa shule yuleyule akaagiza kwangu sare za wanafunzi, kaptula za kaki na magauni ya buluu. Alisifu kazi yangu mbele za watu. Watoto ambao ningewafundisha kusoma walikuwa wakisimama mbele yangu mikono juu, nikiwazungushia utepe kiunoni, wakiniita Fundi. Ni jina la heshima, najua. Kila waliponiita nililisikia kama mtu anayeniwekea kofia isiyo yangu.

Siku moja nilikwenda Muyinga mjini kununua uzi na vifungo. Niliporudi alasiri nilikuta nyumbani kuna wageni. Mume wangu alikuwa amekaa na mzee mmoja nisiyemjua, chungu katikati, mirija imo ndani, nyuso zao zimelegea kwa raha. Pembeni, kwenye mkeka, amekaa binti wa Giteranyi, macho chini, mikono mapajani. Nikajua mzee yule ni baba yake mdogo, yule mwenye maneno.

"Karibu, mama," mzee akasema. "Tumekuja tukakukosa, mais bwana wako ametupokea muzuri. Pombe hii ilikuwa na neno."

Neno lilikuwa hili: mkaguzi anakuja kusikiliza masomo ya Kiswahili, na binti peke yake hawezi. Anaomba Maman amfundishe, nyumbani, jioni, kila siku, kile atakachokwenda kufundisha kesho yake.

Nilichungulia chunguni. Ilikuwa imebaki ya kulowesha ulimi. Mume wangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona aibu usoni mwake. Alikuwa ameinywa. Kukataa kungekuwa kumtemea mzee yule mate usoni, na kumvua mume wangu nguo mbele ya wageni. Nilimchukia siku ile. Nimemsamehe baadaye, lakini siku ile nilimchukia.

"Kesho aje," nikasema.

Akaja. Alikuja kila jioni, nami nikamfundisha, tukiwa tumekaa katikati ya vipande vya kaki. Nilijiambia nitamfundisha nusunusu, nimwachie mashimo. Sikuweza. Nikishafungua mdomo kufundisha, mimi si mtu wa nusu. Nilimwonyesha mahali pa kushusha sauti, mahali pa kunyamaza ili watoto wajisogeze mbele, namna ya kumwuliza mtoto mwenye haya bila kumtaja. Alijifunza vizuri. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Siku mkaguzi alipofika nilikuwa na mzigo wa sare za kupeleka. Nilipita chini ya dirisha la darasa la tatu, nguo zikiwa kichwani, nikasimama. Alikuwa anasimulia hadithi niliyompa usiku wa kuamkia siku ile. Alishusha sauti palepale nilipomwonyesha ashushe. Akanyamaza. Humo ndani hata benchi halikulia. Kisha watoto wakajibu, wote kwa pamoja, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama walivyokuwa wakijibu watoto wangu wa Tanzania.

Mtu mwema angefurahi. Mimi nilisimama pale na mzigo kichwani nikitamani wakosee, angalau mmoja wao, angalau mara moja. Hawakukosea.