Fomu ya Mlima Niliyomjazia Mwenzangu

Wewe unayesoma hapa nakuchukulia kama mtu wa ndani, yule ambaye akija simpeleki sebuleni, namvutia kigoda jikoni tuongee huku napika. Kwa hiyo sitakuzungusha. Nina mwenzangu ambaye nilimjazia fomu kwa mkono wangu nikaandika uongo, halafu nikaenda kuusema ukweli, na vyote viwili vikamuumiza. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa la kufanya. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Sie tunakaa Goba. Kanisani kwetu kina mama tuna umoja, na kila mwaka huwa tunaendaga semina mahali, tunakaa, tunafundishwa, tunakula, tunarudi. Mwaka ule mwenyekiti wetu alisimama baada ya ibada akasema safari hii hatuendi kukaa. Tunaenda kupanda Mlima Kilimanjaro, siku sita, tukaombe kule juu. Watu walicheka. Mama mmoja wa kwaya akamuuliza kama Mungu wa Goba amehama. Lakini kabla wiki haijaisha majina kumi na mawili yalishapatikana, na mie nikapewa ukatibu. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu tayari, na kwenye umoja wetu mie ndiye ninayesoma karatasi ya Kiingereza bila kumwita mtoto anisaidie.

Sikujua kama kupanda mlima kuna mambo mengi hivyo. Kiongozi wa kutupandisha tulimpata kupitia muumini mwenzetu wa Moshi. Mtu mzima, alianza kama mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni, akapanda vyeo mpaka akawa kiongozi. Alitufungulia kundi la WhatsApp, akawa anatuma maelekezo kila siku. Viatu tuvinunue mapema tuvivae mpaka sokoni, visije vikatuchuna huko. Soksi za sufu. Maji mengi hata kama huna kiu. Siku ya kwanza tunalala kambi gani, ya pili kambi gani, siku gani tutapanda juu kisha tushuke tulale chini, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mie nayaandika kwenye daftari, Jumamosi nawasomea wenzangu.

Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi. Kwetu vilima vipo, kwa hiyo tulikuwa tunavipanda na kuvishuka tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na begi lenye chupa sita za maji, wengine raba za watoto wao, wengine kitenge juu ya suruali. Bodaboda wa pale kona hawakutuacha. Mmoja aliuliza, "Mama zangu, mnahama au mmefukuzwa?" Mwenzangu akamjibu sie tunakwenda mbinguni kwa mguu, yeye aendelee kusubiri abiria.

Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia. Ni fundi cherehani, sare za kwaya zote anashona yeye. Kanizidi mwaka mmoja, na maneno kanizidi mengi. Alikuwa mwenza wangu wa maombi. Kwenye umoja wetu kila mwanzo wa mwaka tunaokota vikaratasi, jina utakaloliokota ndiye mtakayeombeana naye mwaka mzima. Mie na yeye tuliokotana, mwaka ulipoisha tukakataa kubadilishwa, wakatuacha. Miaka sita. Kila Jumatano asubuhi, kabla hajafungua cherehani, tunakaa kwenye mkeka wake, kila mmoja anasema linalomsumbua, tunaomba. Tukimaliza tunashikana mikono tunasema kwamba lililosemwa hapa linabaki hapa, mbele za Mungu. Kwetu hilo ni agano. Yapo ya kwake ambayo hata mume wangu hajawahi kuyasikia, na yapo ya kwangu ambayo mpaka leo, pamoja na yote yaliyotokea, hajayatoa.

Jumatano moja, mlima haujatajwa bado, aliniambia ametoka hospitali. Miguu ilikuwa inavimba, akipanda ngazi tatu anahema. Walimpima wakamwambia moyo umetanuka. Asinyanyue ndoo, ameze dawa kila siku, asikose kliniki. Nyumbani hakumwambia mtu. Tuliomba siku ile mpaka mkeka ukalowa. Nilimwekea mkono kifuani, nikatamka kwa kinywa changu kwamba amepona. Akaitikia amina. Wiki chache baadaye miguu ikanywea, tukashukuru. Kama ni dawa au ni maombi hatukuulizana.

Kwa hiyo jina lake lilipokuwa la pili kwenye orodha ya mlima, nilimwangalia. Akajua ninachoangalia. Akaniambia taratibu kwamba kwao ni chini ya mlima ule ule. Alipokuwa msichana alikuwa anabeba ndizi kichwani kuwauzia wapagazi getini. Kaka zake walipanda wakashuka, wakarudi na hadithi. Yeye hakuwahi kuvuka lile geti hata mara moja. "Nimeuangalia miaka yote kama nyumba ya tajiri," akasema. "Na mie nataka niingie ndani."

Ningesema nini?

Kiongozi alikuja Dar mara moja tu kutuona. Tulimpangia viti kwenye kibaraza cha kanisa, akatueleza bila kututisha na bila kutubembeleza. Kichwa kitauma, chakula hakitapita, na atakayezidiwa atashushwa na msaidizi, wengine waendelee. Hapo kina mama wakanung'unika, sie hatuachani. Akawaambia basi wakae wote Goba. Kisha akagawa fomu za afya, za Kiingereza. "Mama zangu," akasema, "kitu kikiwepo kwenye fomu nitakipanga. Nitakuongezea siku, nitakupa mtu wa kutembea na wewe, au nitakwambia usije. Kisipokuwepo, kule juu nitakuwa nabahatisha." Akanigeukia mie. Chini ya kila fomu katibu asaini kwamba amemweleza mwenzake kila swali kwa lugha anayoielewa.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Kwa mwenzangu nilifika mchana, tukakaa kwenye meza yake ya kukatia vitambaa. Kisukari, hapana. Pumu, hapana. Mzio wa dawa, hapana. Nikafika pale.

"Wanauliza kama daktari amewahi kukwambia una tatizo la moyo."

"Andika hapana."

Nikamwambia siwezi, na yeye anajua kwamba siwezi. Hakukasirika. Aliendelea kutoa pini kwenye gauni la mtu, moja moja, anazibana mdomoni, mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza, "Siku ile uliniombea nini?"

"Nilikuombea upone."

"Hukuniombea nipone. Ulisema nimepona. Mie nikaitikia amina. Sasa ukiandika ndiyo, niamini lipi, la kinywa chako au la kalamu yako?"

Rafiki yangu, mie ni mtu niliyeshika imani tangu niko shuleni. Nimefiwa nikiwa nayo, nimeugua nikiwa nayo. Sikuwahi kufikiria kwamba ipo siku mtu atanirudishia maombi yangu mwenyewe na mie nikakosa pa kushika. Ningeandika ndiyo, ningekuwa nimesema mbele yake kwamba siku ile niliomba kwa mdomo tu. Niliandika hapana. Nikasaini jina langu chini, kwa mwandiko mzuri.

Tangu siku ile chakula kikawa hakipiti, na mlima ulikuwa bado mwezi na nusu. Jumamosi nikawa natembea nyuma yake kwenye vilima, nahesabu anavyosimama. Anasimama anajifanya anafunga kamba za kiatu. Kilima kimoja alifunga kamba mara nne. Nilimwambia twende kliniki wote, mie nitakaa nje. Akaniambia kliniki ni baada ya safari.

Nikaenda kwa mchungaji. Sikutaja mtu. Nikamuuliza, lililosemwa kwenye maombi ya wawili likiwa ni la hatari, linaweza kutolewa? Akasema agano ni agano, ila Mungu humfunulia mtu la kufanya, niendelee kuomba. Alikuwa na furaha sana na ile safari, alishatutangaza jimboni. Niliendelea kuomba. Sikufunuliwa kitu. Naandika hivi bila kulaumu, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nafunga Jumatatu na Ijumaa, napiga magoti, nanyanyuka vile vile nilivyopiga.

Wiki mbili kabla ya safari nilimpigia simu kiongozi. Nikamuuliza, ikitokea mmoja wetu ana moyo umetanuka, itakuwaje?

"Nitajie jina, mama."

Nikasema siwezi kutaja jina.

"Basi hujaniambia kitu."

Nilikata simu nikaenda kuanua nguo. Nikarudi nikapiga tena, nikalitaja.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia mwenzangu, kwa heshima, akamwambia hawezi kumpandisha na kwamba anasikitika. Kwenye kundi akaandika tu kwamba tumebaki kumi na moja kwa sababu za kifamilia. Jumatano nikaenda kama kawaida. Mkeka ulikuwa haujatandikwa. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, anashona, hakusimamisha mguu.

"Umelichukua agano letu ukalipeleka Moshi kwa simu," akasema. "Si ungeniambia mimi usoni."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, halafu ukaandika hapana."

Nikakaa palepale mlangoni mpaka nikaona naharibu kazi yake. Nikaondoka.

Sie kumi na moja tulikwenda. Mie siku ya nne kichwa kilikuwa kinapasuka, nikashushwa na msaidizi kama tulivyoambiwa. Saba walifika juu. Waliomba, wakapiga picha na bendera ya umoja, na mwenyekiti alilia mbele ya kanisa zima akitoa ushuhuda. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kwaya, na sare aliyoishona mwenyewe, anapiga makofi.

Mie nilidhani yamekwisha. Nilidhani amenikasirikia, lakini yupo salama, na hasira zitapoa. Ndipo nilipokosea, nadhani, ingawa mpaka sasa sina uhakika kwamba ni pale.

Miezi miwili baadaye aliaga nyumbani kwamba anakwenda Moshi kwenye harusi ya ndugu. Kumbe alikuwa amejiunga na kundi lingine, watu wasiojuana waliokutana kwa simu, na fomu yao ni ya kubonyeza kwenye simu. Akabonyeza mwenyewe. Hapana, hapana, hapana. Akavuka lile geti. Kambi ya tatu akashindwa kulala chali, akawa anakohoa, na wenzake wakadhani ni mafua ya baridi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua cha kuangalia. Kulipopambazuka ndiyo wapagazi wakamshusha kwenye machela yao yenye tairi moja.

Mume wake alinipigia kutoka hospitali. Hakunisalimia.

"Shemeji, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mie ndiye ninayelala naye," akasema. "Kanisimulia mwenyewe. Mtu wa Moshi umemwambia. Mie hukuniambia."

Tangu siku hiyo nawaza. Ningenyamaza mpaka mwisho, angekuja na sie, watu kumi na moja wanaomjua, na mie nyuma yake nahesabu kamba za viatu. Labda ningempigia kelele kiongozi siku ya kwanza, akashushwa mapema. Labda angefia mikononi mwangu. Ningemwambia mume wake, labda angemzuia, labda wangeachana. Nayapanga hivi, nayapanga vile, hayakai.

Yupo hai. Amerudi Goba. Kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara moja. Cherehani ya kukanyaga hawezi tena, binti yake ameifunika kitambaa. Jumatano tatu za mwanzo nilipokwenda niliambiwa amelala, na nilikuwa naisikia redio yake. Ya nne akaniruhusu. Nikaanza kutafuta mkeka kwa macho, akaniona.

"Leo hatuombi," akasema. "Kuna sare za kwaya hazijapindwa. Chukua sindano."

Nikashona mapindo kwa mkono, yeye ameegemea mito ananiangalia. Nilipomaliza gauni la kwanza alilishika, akaligeuza, akaniambia nimeshona kama mtu anayefunga gunia la mkaa, nifumue. Nikafumua. Sasa ni miezi, kila Jumatano nashona nafumua. Kuhusu mlima hatuongei. Siku moja tu, mwenyewe, bila kuulizwa, alisema kwamba kambi ya pili asubuhi mawingu yanakuwa chini yako, na kwamba kaka zake hawakuwa waongo.

Nyumbani bado namwombea, peke yangu. Lakini lile neno, amepona, halitoki tena. Nalitaja jina lake, nabaki nimepiga magoti, sina la kuongeza.

Nilimuomba ruhusa kuandika haya. Akafikiri, akasema niandike, ila jina lake nisiliweke, na langu pia nisiliweke, maana nikiweka langu Goba nzima watajua ni nani. Kwa hiyo nakuomba wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Usikae nayo. Kama kuna umoja wa kina mama, au kwaya, au watu wa ofisini mnapanga kupanda mlima, wasomee kabla fomu hazijagawiwa. Msomee na anayejaza, msomee zaidi na anayejaziwa. Na kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeambiwa jambo na daktari akalificha, mpe asome mwenyewe, halafu mkae wote wawili, umsikilize. Mie hiyo ndiyo kazi iliyonishinda.